Nilivyompaka Mama Samli

Juzi, kanisani kwetu Nambis, mwanamke aliyekaa mbele yangu alilegeza kitambaa chake cha kichwani, nikaona nywele zimenyonyoka upande mmoja wa kichwa. Nikamkumbuka mama.

Alikuwa na saratani ya ubongo. Baba aliuza maksai wetu wote wawili wa kulimia ili mama akachomwe mionzi Dar es Salaam. Mimi, nikiwa bado mtoto mdogo, nilishika neno moja tu, kuchomwa, nikaamini huko wanampitishia moto kichwani.

Mchana aliorudi, nyumba ilinukia moshi na maziwa ya mgando. Nje, jembe la mkono la baba liligonga mawe shambani. Nilichukua kibuyu cha samli, kwa kuwa bibi alitupaka samli tulipoungua.

"Shikamoo mama. Walikuchoma wapi nikupake?"

Mama alinitazama kidogo, kisha akavua kitambaa na kulaza kichwa mapajani mwangu.

"Hapa, mwanangu. Polepole."

Nilitafuta kidonda, sikukiona, nikapaka tu kote. Leo najua moto haukuwapo. Mama alilijua hilo siku ileile.

Aliishi misimu miwili ya mahindi baada ya pale. Lakini mchana ule alisinzia mapajani mwangu. Baba alipoingia nilimwashiria anyamaze, naye akavua viatu, akakaa sakafuni karibu nasi mpaka mama alipoamka.