Saluti kwa Afisa wa Kujitolea

Msimamizi mpya alipoingia ofisini kwetu, kitu cha kwanza alichotundika ukutani hakikuwa ratiba ya zamu. Ilikuwa picha yake mwenyewe akiwa amevaa sare ya kijani, nyota mbili kila bega, kifua mbele. Chini yake paliandikwa jina la kikosi cha kujitolea cha jimbo moja huko kwao, Afrika Mashariki hii hii yetu. Nilipoiona nilijua tutasumbuana. Mtu anayetundika picha yake mahali pa ratiba ana jambo linalomkereketa, na watakaolilipia ni walio chini yake.

Mimi ni Mkenya, askari wa ulinzi hapa Doha. Kabla ya kuja huku nilikuwa koplo jeshini, na miaka minne ya mwisho kazi yangu ilikuwa kufundisha kwata. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Niliyoyafanya niliyafanya nikijua.

Chumbani tulikuwa watatu, ghorofa ya tatu huko Al Mansoura, juu ya fundi wa simu. Mmoja alikuwa dereva wa basi la kampuni, Mpwani wa kwetu Kenya, mtu wa swala tano na maneno machache. Mwingine alikuwa Mganda aliyetumikia jeshi la nchi yake miaka kumi na minane akastaafu na cheo cha sajini. Sote tulimwita Sajini. Alikuwa mkubwa wangu kwa umri na kwa vita, kwa hiyo mimi nilimwita mzee, naye akaniita mwalimu. Nilimpenda yule mzee. Alipiga pasi mashati yetu wote watatu kila Ijumaa, bila kuombwa, kwa sababu hakuweza kulala chumba kimoja na shati lililokunjamana.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa tisa. Binti yake alikuwa chuo cha uuguzi huko kwao, amebakiza miaka miwili, na mzee alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mkataba mwingine wa miaka miwili. Kalamu ya kuutia sahihi ilikuwa mkononi mwa msimamizi.

Kila siku saa nane mchana, kabla ya zamu ya pili, tulipangwa mstari kwenye maegesho ya chini ya jengo. Wiki ya pili tu msimamizi akatangaza kwamba kuanzia siku ile yeye ni afande, na afande hupigiwa saluti. Hakupaza sauti. Hata siku moja sikumsikia akipaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alipita mbele ya mstari akingoja mkono wa kila mmoja uinuke. Aliyechelewa alimgusa bega, polepole, akamwambia, "Ndugu yangu, umechoka." Wa kwanza kuguswa bega hivyo alikuwa Mkenya mwenzangu aliyekaa mtaa wa Najma. Baada ya siku sita alipelekwa kulinda bohari moja mbali na mji, peke yake, na mwezi haukuisha akawa amerudishwa nyumbani. Hatukuambiwa sababu.

Jioni ya tangazo lile, tukiwa tunakula ugali, Sajini akasukuma sahani.

"Mimi nimepiga saluti kwa majenerali," alisema. "Huyu ni mutu ya kujitolea. Kwetu hawa walikuwa wanalinda soko na bunduki moja watu kumi. Mimi napigia yeye saluti kwa nini?"

Hapo ndipo nilipojitia ualimu. Nilimwambia amekosea. Afisa wa kujitolea akiwa amepewa kamisheni na nchi yake, na amevaa sare yake na cheo chake, hata mwanajeshi wa kudumu humpigia saluti kama afisa mwingine yeyote. Kinachopigiwa saluti ni kamisheni, si mtu. Hii ni kanuni niliyokaririsha wanagenzi mia kadhaa.

"Lakini," nikaendelea, na hapa nilikuwa nimeshaanza kujisikia, "huyu hapa hana sare. Ana shati la kampuni kama langu na lako. Hapa yeye ni raia, wewe ni raia, na hii ni nchi ya watu. Hana anachokudai."

"Basi nimwambie hivyo?"

"Aah, mzee, usimwambie. Wewe vua kofia tu."

Dereva aliinua macho. Nikaeleza. Kwa majeshi yetu haya yaliyorithi kwata ya Mwingereza, kichwa kikiwa wazi mkono hauinuki. Unasimama mguu sawa, unatazama mbele, yameisha. Ukimwona anakuja, jifute jasho, kofia iwe mkononi. Atakulaumu nini, na Doha ni joto? Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hata dereva alicheka, na ilikuwa nadra. Alisema tu, "Mchezo huo, ndugu zangu, mie siupendi," kisha akaenda kutawadha.

Kesho yake saa nane Sajini alisimama mstarini, kofia kwapani, uso mkavu, mguu sawa wa kupigiwa mfano. Msimamizi alisimama mbele yake. Akakitazama kile kichwa chenye mvi kwa muda mrefu, akapita. Nilijibana nisicheke. Baada ya siku tatu kofia nne zilikuwa kwapani. Baada ya wiki zilikuwa tisa, na pale langoni Al Wukair, tulikolinda makazi ya familia, gari la msimamizi lilipokata kona tu, askari wote walikuwa wanajifuta jasho. Mimi kofia yangu haikutoka kichwani, nami nikampigia saluti kila siku. Niliwaambia wenzangu kwamba mkono wangu una mazoea mabaya. Waliniamini kwa kuwa nilikuwa mwalimu.

Msimamizi akaanza kuja langoni mara nyingi zaidi. Alikuwa akiliegesha gari ng'ambo ya barabara, kioo juu, injini ikinguruma kwa ajili ya ubaridi, akakaa humo akitutazama. Wakati mwingine saa nzima. Hukuweza kumwona uso kwa sababu ya kile kioo cheusi, na sote tulijifunza kufanya kazi huku migongo ikituwasha. Kisha kofia zikaanza kupungua. Mmoja aliguswa bega, akapelekwa bohari. Wa pili naye. Wa tatu alikuwa Mganda aliyeoa majuzi. Aliguswa bega Jumapili, na Alhamisi kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Waliobaki wakarudisha kofia vichwani mmoja mmoja bila kuambiwa, mikono ikainuka. Mwezi wa saba ulipoisha, kichwa wazi kilikuwa kimoja tu.

Nilimsihi. Nilimwambia mzee, khalas, mchezo umeisha, mwezi wa tisa huo unakuja, mfikirie binti. Alikuwa anapiga pasi. Hakuinua uso.

"Miaka kumi na minane mimi nafuata kila amri," alisema. "Mbaya na nzuri. Hii moja nimekataa, na nimekataa na sheria. Wewe ndiye ulinipa hiyo sheria, mwalimu. Nashukuru sana."

Nililala nikiwa na hasira naye, kama kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Kwa kampuni nzima aliyewahi kufundisha kwata alikuwa mmoja, na siku yoyote msimamizi angeuliza ujanja ule umetoka wapi.

Aliuliza katikati ya mwezi wa nane. Ilikuwa siku ya vumbi, anga la rangi ya maziwa yaliyoungua, taa za ofisi zimewashwa adhuhuri. Aliniita, akanipa kiti, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Faili langu lilikuwa mezani.

"Hapa inasema ulifundisha kwata," alisema. "Nisaidie jambo moja la kitaalamu, ndugu yangu. Afisa wa kikosi cha kujitolea, mwenye kamisheni ya nchi yake. Mwanajeshi wa kudumu anampigia saluti au hampigii?"

"Anampigia."

"Kwa hisani, au kwa kanuni?"

"Kwa kanuni. Kinachopigiwa saluti ni kamisheni, si mtu."

Alitabasamu. Naapa sijapata kuona mtu akifurahi hivyo. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu aliyechekwa miaka mingi na sasa amepata shahidi, nami nikamwonea huruma. Nusu ya pili ya kanuni ilikuwa ulimini: akiwa amevaa sare yake. Maneno manne. Aliandika yale niliyoyasema kwenye karatasi, akaigeuza karatasi upande wangu.

"Weka sahihi hapo, kama mtaalamu."

Nikaweka sahihi.

"Na kuvua kofia makusudi ili usimpigie afisa saluti, kwenu jeshini mnakuitaje?"

"Utovu wa nidhamu."

"Nani aliwafundisha hawa?"

Kipoza hewa kilikuwa kinavuma juu ya kichwa changu, na ile picha ilikuwa ukutani mbele yangu, nyota mbili kila bega. Ningeweza kusema sijui. Hata hilo lingekuwa uongo wa kiungwana.

"Sajini ni mwanajeshi wa zamani, afande," nilisema. "Mambo hayo anayajua mwenyewe."

Aliinuka, akazunguka meza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakunigusa bega. Nilitoka nje kwenye vumbi nikiwa nimefarijika, na faraja ile ndiyo inayonichukiza hadi leo kuliko maneno yenyewe.

Siku ya pili yake Sajini alirudi chumbani kabla ya saa zake. Mkataba hautaongezwa; angesafiri mwisho wa mwezi ule wa nane, hata ule wa sasa ukiwa haujaisha. Alikaa kitandani, akaivua saa yake, akaivaa tena. Nilimuuliza amempigia binti. Akasema bado, acha afanye mtihani wa wiki hii kwanza. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa, na yeye akanitangulia.

"Alinisomea karatasi," alisema. "Karatasi ya mtaalamu. Hakunionyesha. Lakini mimi nimesikia maneno. 'Kinachopigiwa saluti ni kamisheni, si mtu.' Hayo ni maneno ya chumba hiki, mwalimu. Wewe uliyasema hapa, na tulikuwa watatu."

Nikadhani nimekamatwa, na moyoni, nusu yangu ikashukuru.

"Si mimi," akaendelea. "Na si wewe, wewe ndiye ulinipa njia. Nani anaendesha basi ya kampuni na anaingia ofisi ya msimamizi kila siku? Nani alisema mchezo hapendi?" Alielekeza kidevu kwenye kitanda cha dereva, palipokunjwa mkeka wa kuswalia. "Mutu ananyamaza hivi, na kumbe ananyamaza akihesabu maneno yetu."

Ningeweza kusema sentensi moja. Nilikuwa nayo, fupi, na mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili tu. Nilisema, "Watu hawaaminiki, mzee."

Siku zilizobaki Sajini hakumsemesha dereva. Hakumpigia pasi shati. Habari ikaenda kutoka chumba hadi chumba, na wiki ile watu waliacha kukaa kiti cha mbele cha basi. Dereva aliniuliza mara moja tu, tukiwa ngazini, "Ndugu yangu, nimewakosea nini?" Nikamwambia asijali, watu wana mawazo ya safari. Aliniitikia kwa kichwa, akanishukuru.

Sajini aliondoka asubuhi, amevaa suti iliyomkaa vizuri. Dereva ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na nasikia njia nzima hawakutamkiana neno. Mwezi wa kumi nilipandishwa kuwa mkuu wa zamu. Sasa ni mimi ninayewafundisha wageni saluti pale maegeshoni, kiganja nje, kiwiko sawa na bega, na wananiita afande.

Binti aliacha chuo. Yuko kwenye duka la dawa, anapanga makopo. Mzee ndiye aliyeniambia, kwa simu, na hakulaumu mtu zaidi ya yule mmoja. Hunipigia kila mwisho wa mwezi. Ananiuliza habari za joto, za kazi, halafu sauti yake inashuka.

"Yule dereva, bado iko hapo?"

"Bado yupo."

"Usikule na yeye, mwalimu."

Dereva huwa amekaa mkabala nami wakati huo, na sahani yake magotini, akila wali wake polepole, ameinamisha uso ili nisidhani anasikiliza.

"Sili naye, mzee," namjibu.