Siku Nilipomtazamia Baba Chaki ya Kukerezea

Feni ya darini ikilegea na kuanza kugonga, tik, tik, tik, mimi huondoka chini yake. Wageni hucheka, na mume wangu amechoka kunieleza kwamba feni haiwezi kumuua mtu. Najua. Mwili wangu ndio haujui. Mlio wa kitu kinachozunguka huku kikiyumba unanirudisha moja kwa moja kwenye banda la baba, Handeni, nikiwa darasa la nne, nimeshika ufagio.

Baba alikuwa fundi wa kukereza. Alitengeneza miguu ya vitanda na ya stuli, kazi ambayo haikumsumbua, kwa sababu mti mrefu unabanwa huku na huku kati ya ncha mbili, unazunguka, na patasi inafanya yake. Mashine aliiunda mwenyewe kwa mota ya pampu ya maji, mkanda, na shafti iliyotoka kwenye mashine ya kusaga mahindi. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mabakuli. Na bakuli huwezi kulibana huku na huku, maana lazima uchimbe ndani. Linashikwa upande mmoja tu. Kwa kukosa kifaa, baba alilifunga kwa skurubu kwenye bamba la chuma, na skurubu hizo siku nyingine zilishika na siku nyingine zilikataa.

Siku moja zilipokataa, mimi nilikuwa nafagia maranda. Nikasikia tik, tik, kisha kishindo, na gogo la mti wa mkongo likaruka likampiga baba pembeni ya jicho la kushoto. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye maranda, akaweka kiganja usoni, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zima mashine, mwanangu." Ile sauti ya kawaida ndiyo iliyonitisha kuliko damu.

Alishonwa hospitali, uvimbe ukapungua, akasema yuko mzima na anaona vizuri. Mama alingoja mpaka bendeji ilipotolewa. Siku hiyo alimwekea baba chai, akabaki amesimama.

"Baba Mwanaidi, hiyo mashine ipate kitu cha kushika mti sawasawa, la sivyo iondoke hapa nyumbani. Sitaki kuwa mjane kwa ajili ya bakuli."

Baba aliikoroga chai yake kwa muda mrefu, na sukari alikuwa hajaitia.

Kitu chenyewe ni kichwa cha chuma chenye meno manne, yanayofunguliwa na kubanwa kwa ufunguo. Yanauma kitako cha gogo na hayaachii mpaka kazi iishe. Mafundi wa mashine wanakiita chaki, ingawa hakina uhusiano wowote na ile ya ubaoni. Handeni ya wakati ule hukipati, labda ukatafute Korogwe, kwa wauza vyuma waliochukua masalia ya karakana za mashamba ya mkonge. Baba hakuwahi kununua chaki maishani mwake. Alichojua ni kwamba isipoingia barabara kwenye shafti, au ikiingia halafu ikayumba, itakuwa hatari kuliko zile skurubu, kwa maana yenyewe ni chuma kitupu. Basi akaichomoa shafti nzima kwenye mashine, akaipaka grisi, akaifunga kwenye kanga kuukuu ya mama.

"Utaipakata wewe," akaniambia. "Hizi nyuzi za mbele, chaki inapojifungia, zikigongwa, tumekwisha."

Hilo neno tumekwisha nililibeba njia nzima ya Korogwe pamoja na shafti. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na kila basi liliporuka mimi niliinua mikono ili kanga isiguse kitu. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliitazama kanga, akanitazama usoni, akauliza kwa huruma, "Mdogo wako anaumwa?" Nikaitikia kwa kichwa, maana kueleza kulikuwa kazi kubwa zaidi. Akanishauri nimfunue kidogo apate hewa. Baba aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nilimkasirikia mno. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba tukikosea huko tuendako, gogo lingine litamrukia, na safari hiyo hatakaa chini na kusema zima mashine. Yeye anacheka!

Muuzaji aliitwa Mzee Petro, mtu mnene, mchangamfu, aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge na kukulia humohumo. Tulimwamkia, akaitikia huku tayari anafukua vyuma vyake. Akatoa chaki mbili. Moja ilikuwa kubwa, inang'aa, nzuri kuangalia. Nyingine ilikuwa ndogo, imekuwa nyeusi kwa mafuta ya zamani. Nilimwona baba akiipapasa ile kubwa kwa viganja vyote viwili, na nikajua imeshamteka.

"Hiyo hata gogo la kinu inashika," akasema Mzee Petro. "Chukua, fundi, usijiulize mara mbili."

Baba akaizungushia kwenye shafti, ikaingia vizuri mpaka mwisho. Nikashusha pumzi, nikidhani tumemaliza. Kumbe bado. Aliilaza shafti juu ya vipande viwili vya mbao alivyovichonga pengo, akapigilia msumari kando yake, ncha ikiwa karibu kabisa na chaki bila kuigusa.

"Mimi nazungusha pole pole," akaniambia. "Wewe tazama hapo kati ya msumari na chuma. Nafasi ikibaki vilevile, useme. Ikipanuka na kusinyaa, useme."

Nikapiga magoti. Chaki ikazunguka, na nafasi ile ikapanuka, ikasinyaa, ikapanuka tena. Kidogo sana. Nilitamani nisingeiona.

"Haichezi hiyo," akasema Mzee Petro. "Macho ya mtoto hayo. Inama utazame mwenyewe."

Baba hakuinama. "Mwanaidi, unaona nini?"

Nikatazama tena. Nikisema inacheza na kumbe nimekosea, nitakuwa nimemnyima kitu alichokipenda. Nikisema imetulia na kumbe nimekosea, nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu.

"Inacheza, baba."

"Sana?"

"Kidogo. Lakini inacheza."

Aliifungua saa ileile, akairudisha mezani bila hata kuitupia jicho. Akafunga ile ndogo. Nikatazama. Nafasi ikasimama kama ilivyo. Nikaomba azungushe tena, na tena, mpaka Mzee Petro akalalamika kwamba mtoto huyu atamfungia duka. Baba alizungusha kila nilipoomba. Mwishowe nikasema, "Hii imetulia," na neno lilipotoka tu nikatamani kulirudisha mdomoni.

Njiani kurudi sikuongea naye. Nilijiuliza ni baba wa namna gani, tena fundi, anayempa mtoto mzigo wa namna ile.

Siku ya bakuli la kwanza mama alikuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni. Baba alikaza yale meno kwa ufunguo, akaniita nivute gogo kwa nguvu zangu zote. Halikutikisika. Akatuamuru tukae kando, akawasha. Nilitega sikio nikingoja tik ya kwanza. Haikuja. Ulisikika mvumo tu, kisha maranda marefu yakaanza kumwagika miguuni pake. Bakuli lilipotoka mama aliligeuza juu chini, akalinusa, akaenda nalo jikoni. Mimi nilizunguka nyuma ya banda nikatapika.

Tangu hapo baba hakuwahi kuwasha mashine kwa kazi ya bakuli bila kuniita. Hata nikiwa nakula: "Mwanaidi, njoo utazame hapa." Nilikwenda nikinung'unika, kwa hofu ileile. Nilidhani ananifundisha uangalifu. Mengine niliyaita ukali wa wazee.

Mwaka juzi alianza kukosa meza anapoweka kikombe, nikampeleka kliniki ya macho. Daktari, binti mdogo mwenye upole, alimziba jicho la kulia, akanyoosha vidole mbele yake.

"Mzee, hivi ni vingapi?"

Baba akavikodolea jicho. Halafu akageuza uso upande niliokaa, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanaidi, ni vingapi?"

Daktari alinieleza kwamba jicho la kushoto lilikufa zamani, kwa pigo, na la kulia kwa miaka mingi limekuwa likiona vitu vya karibu kama ukungu. Baba hakumwambia mtu. Angemwambia mama, mashine ingeondoka siku hiyohiyo. Nikamwona upya amesimama kwa Mzee Petro, mbele ya chuma asichoweza kukipima, akiuweka uso wake na uhai wake kwenye neno la mtoto wa darasa la nne. Na mimi nilikuwa nimemnunia njia nzima. Hasira ilinipanda kwa siri yake hiyo, kisha ikayeyuka ikawa machozi.

Daktari alikuwa bado amenyoosha vidole.

"Vitatu, baba," nikamwambia.