Mtu wa Upande wa Pili wa Barabara

Mwanangu, ipo Jumapili moja naikumbuka kuliko siku niliyofunga ndoa, na marehemu mama yenu alilijua hilo akaninyamazia. Nakusimulia leo kwa sababu wiki hizi nakuona unajifungia chumbani na shughuli zako, ukiulizwa unasema huhitaji mtu. Sina ugomvi na shughuli zako. Mimi nilijifungia kabla yako, tena na chuma ambacho wanaume wanne walihema kukinyanyua.

Hapa Mbinga palikuwa na karakana ya chama cha ushirika, malori ya kahawa yalikotengenezwa. Nilikuwa fundi pale, na tulikuwa wengi. Mwenzetu akichelewa asubuhi tulimtania mpaka chai ya saa nne. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na magari mapya na mizani yao, chama kikalemewa, karakana ikafungwa. Wenzangu wakatawanyika, huyu Songea, yule Mbeya, wengine sikusikia tena habari zao. Mimi nikaomba banda moja la nyuma. Nikaachiwa kirahisi, maana hakuna aliyelitaka, na ndani yake mlikuwa na lori bovu lisilo na magurudumu.

Usidhani nilikaa bure. Nililima, nilichuma kahawa, nilitengeneza mashine za watu za kusaga. Lakini wale wenye magari mapya walikuja na mafundi wao, na mimi nikawa mtu wa kupita tu sokoni. Ilinichoma. Nilitaka tena kusikia mtu mmoja akisema kwamba Meinradi ni fundi, aseme kwa kitu alichokiona mwenyewe.

Ndipo nikaipata ile pikipiki. Msafiri mmoja wa Kizungu alikuwa ameiacha Mbamba Bay injini ikiwa imekwama, akapanda meli akaenda zake. Aliyeachiwa alichoka kuitazama, tukabadilishana kwa mahindi, na kila mmoja akaondoka akimhurumia mwenzake. Ilikuwa na silinda nne, injini pana hata ukiipanda magoti yanakaa mbalimbali. Mshale wa spidi ulikuwa umekufa. Kwenye mkoba wake wa pembeni nikakuta gazeti lenye picha za watu wakishindana mwendo kwenye uwanda mweupe usio na mti wala nyumba. Hawakuwa wakipitana. Kila mmoja alikimbia peke yake, na aliyeshindana naye ni saa. Nikasema moyoni kwamba haya ndiyo mashindano yangu.

Pikipiki moja kwenye zile picha ilikuwa na pampu ya hewa, na pampu ya namna hiyo mimi nilikuwa nayo, kwenye ubavu wa lile lori bovu. Nikueleze, maana ninyi mnapanda boda boda bila kujua kinachowabeba. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kama wewe unavyopumua. Pampu ile huisukumia hewa kwa nguvu, nyingi kuliko ambayo ingevuta, na ukiiongezea petroli ya kulingana na hewa hiyo, nguvu inapanda ajabu. Wenyewe huiita supachaja. Ndani yake mna vyuma viwili vinavyozunguka vimekaribiana kabisa, lakini havigusani hata kidogo.

Niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga juu ya injini ya pikipiki. Nilitumia mkanda wa mashine ya kusaga kuizungusha, na kabureta ya gari kuilisha. Nilikata gasketi nene za bamba la shaba ili ndani ya silinda pabaki nafasi, la sivyo msukumo wa hewa ungepasua kila kitu. Kazi ile niliipenda, mwanangu, sitakuficha. Na ukingoja niseme nilitubu kuitengeneza, utangoja sana.

Sasa, ng'ambo ya bonde, mkabala na banda langu, ndiko alikoishi baba yangu, Mzee Gaudensi. Kwetu Umatengo kulikuwa na sengu, ule utaratibu wa wanaume wa ukoo kula pamoja uani. Kila nyumba ilileta chakula chake, na hapo ndipo vijana walipofundishwa na magomvi yalipokwisha. Hela za kahawa zilipoanza kuingia kwa kila mtu kivyake, kila mtu akaanza kula kwake na mlango umefungwa. Sengu ya baba ikapungua, hata nikabaki mimi tu na yeye. Halafu na mimi nikawa nachelewa, kwa sababu ya chuma.

Baba alikuwa na tabia yake. Kabla ya kunawa alisimama uani akaita majina, moja moja, hata ya wale waliohama zamani. La mwisho lilikuwa langu. Nilisikia sauti yake ikivuka bonde kila jioni, "Meinradi," nami huku na spana mkononi najibu, "Naja." Ugali ulipoa, akala peke yake.

Siku moja alikuja mwenyewe bandani, taratibu, na fimbo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, akaizunguka pikipiki, akaigonga pampu kwa ukucha.

"Hiki kinafanya nini?"

"Kinailisha injini, baba. Inakula hewa kuliko injini nyingine zote."

"Inakula na nani?"

Nilicheka nikidhani ni utani wa wazee. Yeye hakucheka. Alikaa kidogo kwenye ndoo niliyoipindua, akasifu gasketi zangu, akarudi kwake.

Huku milimani hakuna mahali pa kukimbiza kitu kama kile, utamalizia korongoni. Barabara iliyonyooka niliijua moja tu, ya kifusi, kule Lundo, inayokatiza mashamba ya mpunga karibu na ziwa. Nikaazima saa ya mbio kwa mwalimu wa michezo, nikapakia pikipiki kwenye lori lililokuwa likishuka kuchukua samaki. Nilichagua Jumapili asubuhi makusudi, watu wote wawe kanisani na barabara iwe tupu.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Niliipima kilomita moja kwa kamba. Mwanzo wake nikasimika mti mrefu wenye kipande cha shuka jekundu, nikakifungia uzi uliovuka barabara. Pikipiki ikikata uzi, kitambaa kinaanguka. Mtu aliyesimama mwisho wa kilomita, kwenye mti wa pili niliousimika, anakiona, anabonyeza saa, na nikimpita anabonyeza tena. Hapo mwendo unajulikana bila ubishi. Dereva wa lori, kijana mmoja mpole, aliniuliza kama anisubiri anisaidie. Nikamwambia, "Wewe nenda, nitajiweza."

Lori lilipoondoka nikageuka, nikaiona ile barabara yote, na mwisho wake nikauona mti wa pili ukiwa umesimama peke yake. Saa ilikuwa imening'inia shingoni mwangu. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa mtu.

Ungeniuliza kwa nini sikungoja ibada iishe, nikamwomba muumini mmoja. Nilijiambia kwamba upepo wa ziwani utaanza, kwamba watoto watajaa barabarani. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikuwa nimekaa peke yangu muda mrefu hata kumwomba mtu asiyenijua asimame pale kwa ajili yangu likawa jambo zito kuliko kuunda ile mashine. Basi nikaiwasha.

Mwanangu, ile pampu iliimba. Sauti yake ilianza chini, ikapanda, na mashamba ya mpunga yakawa utepe wa kijani kila upande. Sikuusikia uzi ukikatika. Nilihisi mikono inavutwa na machozi yanakimbilia masikioni, na nikajua kabisa kwamba hakuna mtu wa Mbinga wala wa ziwani aliyewahi kwenda hivi juu ya ardhi. Nikaupita mti wa pili. Mbele kidogo injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima, pikipiki ikaenda yenyewe mpaka ikasimama.

Kukawa kimya. Kutoka kanisani nilisikia watu wakiimba wimbo wa mwisho, sauti za wanaume na wanawake zikijibizana. Nikageuka nyuma. Mbali kule mwanzo, kitambaa chekundu hakikuwa tena juu ya mti. Kilikuwa kimeanguka kama nilivyopanga, na hakuna aliyekiona kikianguka. Nilikaa chini barabarani nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Dereva aliporudi tukapakia. Akaniuliza, "Imekimbia?" Nikamwambia imekimbia sana. "Sana kiasi gani?" Nikamwonyesha saa shingoni mwangu, haikuwa imebonyezwa. Akasema, "Pole, kaka," kwa upole kabisa, nami nikajua haamini, na simlaumu.

Jioni ile nilikwenda kwa baba bila kuitwa. Alikuwa anakula. Akanisogezea maji, nikanawa, nikamsimulia yote, uzi, kitambaa, mti wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho akitazama tonge lake. Nikamwambia, "Nilikosa mtu wa kusimama upande wa pili, baba."

Akasema, "Ungeniita."

Nikasema Lundo ni mbali, barabara mbaya, yeye ni mzee.

"Mimi nimekuita kila jioni," akasema. "Wewe hukuniita hata mara moja. Ningeshuka na lori la samaki. Kubonyeza saa ni kitu gani? Ningesimama pale nikuone unakuja."

Nikamwahidi tutarudi wote wawili. Nilipoifungua injini nikakuta pistoni moja imeyeyuka, ina tundu katikati. Hewa ilikuwa nyingi na petroli haikutosha. Nilitafuta pistoni ya saizi ile Songea, nikatafuta Mbeya, nikaagiza kwa watu wa Dar. Kila jioni nilikwenda kula, na kila jioni aliniuliza, "Imepatikana?" Alikuwa ameshajifunza ile saa, mwalimu aliiacha kwetu, anaibonyeza na kuizima akipima mwendo wa kuku uani. Pistoni haikupatikana. Baba akafariki kabla ya mvua, na tulipomlaza nikaitoa saa mfukoni mwa koti lake nikairudisha kwa mwenyewe.

Baadaye nchi ilijaa pikipiki na vipuri vya kila aina. Ningeweza kuifufua. Wengine waliniambia watasimama na saa, na wangefanya hivyo vizuri. Lakini aliyetaka kuniona nikija alikuwa mmoja, na nilikuwa na jioni nyingi za kumwita.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Tengeneza unachotengeneza, tena kizidi cha kwangu. Usiiache kazi yako kwa kuogopa maneno yangu. Ila usijisifu kwamba hukumsumbua mtu. Anayekupenda anataka kusumbuliwa, anakaa akingoja umsumbue, na anapokuita uje kula anakuonyesha namna ya kumwita. Mwite akiwa bado anaweza kusimama. Mwite hata kama huoni atakufaa nini, mpe saa ashike. Mwendo wangu wa siku ile hakuna anayeujua, hata mimi siujui, na huo ndio upweke ambao sikutakii.

Mungu akupe akili ya mikono na petroli ya kutosha hewa yako. Akupe barabara iliyonyooka, na mwisho wake akuwekee mtu anayekutazama unavyokuja. Na siku mwenzako atakapokimbia, wewe uwe umesimama pale.

Sasa kanawe. Leo naita majina mimi, kesho utaita wewe.