Siku autumn ilipofagia foleni yetu ya sukari Kariakoo

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu kama bado mmo humu, shikamooni. Wadogo, mambo.

Ninachoandika kilitokea kweli, mbele ya macho yangu haya, mtaa mmoja nyuma ya soko la Kariakoo. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wajukuu wa wahusika wamo humu na wana midomo.

Kuna mwenzetu hapa jukwaani kila asubuhi anatubandikia uzi wake: "je wajua" moja, historia kidogo, halafu tafakari zake binafsi ambazo hakuna aliyemwomba. Sawa. Sasa tangu Septemba iingie ameshikilia autumn, yale majira ya Ulaya. Majani yanageuka rangi, sijui masweta, sijui maboga.

Mkuu, wewe unakaa Mbagala! Jasho linakutoka hata ukiandika.

Nilicheka, halafu nikakumbuka. Sisi wa zamani autumn tulishaipata. Ilikuja Kariakoo ikatuacha mikono mitupu.

Turudi nyuma.

Ni miaka ya Ujamaa, ile ya mwisho mwisho, vita imekwisha na madukani kumebaki chumvi na majembe. Nilikuwa binti, nimemaliza shule, niko nyumbani na Mama na dada yangu Zuhura. Tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Kiswahili, choo cha uani, majirani kila upande.

Duka la mtaa lilikuwa la ushirika. Jina la Mhindi aliyekuwa mwenye duka lilikuwa bado linasomeka chini ya rangi mpya, na mwenyewe alikuwa anakuja kupanga foleni mbele ya jina lake kama sisi wengine.

Vijana, foleni ya siku zile hukusimama wewe. Lilisimama jiwe lako.

Tetesi zikivuma kwamba lori la sukari linakuja kesho, jioni unakwenda na jiwe, tofali, kapu bovu, chochote, unakiweka kwenye mstari kuanzia mlangoni. Kisha unarudi zako kulala. Asubuhi kila mtu anasimama lilipo jiwe lake. Hakuna aliyeligusa jiwe la mwenzake. Mtu ungeweza kumpiga kikumbo sokoni na asiseme kitu, lakini jiwe lake uliliheshimu.

Jiwe letu lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia la marehemu bibi. Mtaa mzima ulilijua.

Sasa ukutani pale dukani palikuwa na ubao mweusi wa kuandikia bidhaa zilizofika. Kwa kuwa hazifiki, ubao ulikaa mtupu, na ubao mtupu ulikuwa unamtia aibu meneja. Akampa Profesa.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa karani wa shirika fulani la umma, kapera, mpole, aliyewahi kupelekwa kozi fupi huko Ulaya kwenye baridi. Alirudi na koti zito na mambo mengi kichwani. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa anajaza ule ubao kwa chaki, mwandiko mzuri kama wa cheti. Juu JE WAJUA, katikati HISTORIA, chini TAFAKARI.

Siku moja aliandika kwamba askari wa Kirumi wa kale walilipwa chumvi. Jirani yetu Mama Chiku, mwanamke wa Lindi aliyekuwa akiuza vitumbua, alisomewa akasema:

"Kumbe na sie Warumi. Maana chumvi ndo iliyopo."

Meneja alifurahi sana na Profesa. Watu walikuwa wanasoma, wanabishana, wanasahau kuuliza sabuni iko wapi.

Haya, sasa shida yetu.

Zuhura alikuwa ameposwa na kijana wa Ilala. Mama yake yule kijana alikuja kwetu kututazama, tukampa chai isiyo na sukari, kwa kuwa sukari hatukuwa nayo. Akaonja, akaweka kikombe chini, akauliza kwa upole wote:

"Kwani mtaa huu mna kisukari wote?"

Mama hakulala siku ile. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Na tulishasikia kwamba yule mama ana binti mwingine wa jamaa zake anayemtaka kwa mwanawe, anatafuta kisababu tu. Mama akaapa kwamba Ijumaa hatainywesha Ilala chai chungu, bora ndoa iahirishwe. Zuhura akisikia neno kuahirishwa analia, maana alijua ikiahirishwa imekufa.

Kwa hiyo tetesi za lori la Jumatano zilipovuma, Jumanne alasiri mapema sana jiwe la bibi lilishakuwa mstarini. Mbele yetu palikuwa na vipande kadhaa vya tofali tu. Tukajiona tumeshapata.

Asubuhi ya Jumatano Profesa aliandika hivi, nakumbuka kama nausoma:

"JE WAJUA? Huko Ulaya majira ya autumn yameanza. Majani hupukutika, na kila raia hutoka na ufagio akasafisha mbele ya mlango wake, asiache kitu chochote njiani."

Chini, kwenye tafakari, akauliza sisi tunapukutisha nini.

Lahaula.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipita akasoma. Alikuwa mtu wa filimbi shingoni, kwake neno lolote lililoandikwa ubaoni pale dukani ni agizo kutoka juu. Halafu kwa Mama Chiku palikuwa na mkungu uliokuwa umeangusha majani mekundu barabarani. Mkungu, wakuu! Ule mti unaangusha majani wakati wowote unapojisikia. Yeye akayatazama majani, akautazama ubao, akaamini autumn imefika na mtaa wake umechelewa kutekeleza.

Filimbi ikalia. Akina mama wa nyumba kumi wakatolewa na mafagio.

Na agizo lilisema asiachwe kitu chochote njiani. Basi yakafagiliwa majani, na mawe yakaokotwa moja moja, na makapu, foleni yote, ikarundikwa chini ya mkungu karibu na mtaro.

Mimi natokea kwenda kusimama kwenye jiwe letu, nakuta barabara safi haina hata kokoto. Mama Chiku kasimama na ufagio wake anatweta.

"Mwanangu, usiniangalie hivyo," akaniambia. "Balozi kasema ni maagizo."

Sijamaliza kuuliza maagizo ya nani, honi ya lori ikalia kwenye kona.

Wakuu, nimeona mengi mjini hapa, lakini sijaona tena watu wazima wakigombania mawe. Mzee mzima kakumbatia tofali anasema hili langu nalijua kwa kovu lake. Mimi la bibi nililipata upesi. Lakini jiwe ninalo, nafasi iko wapi? Mstari haupo!

Hapo Balozi akapiga filimbi akatoa busara. Anakumbuka vizuri, anasema, mwanzoni kabisa palikuwa na vipande vya tofali. Basi waanze wenye tofali.

Mama Chiku akaokota kipande kimoja, akakigeuza. Kilikuwa na rangi ya bluu upande mmoja. Akaokota kingine, bluu. Cha tatu, bluu. Mtaa mzima nyumba yenye bluu ile ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa ametoka kubomoa choo chake juzi tu.

"Balozi," akasema, tena bila kupaza sauti, "mbona foleni yote ya mbele ni choo chako?"

Watu walicheka mpaka turnboi akashuka kwenye lori kuuliza kuna nini. Mke wa Balozi, aliyekuwa ameyapanga yale matofali mstarini kwa majina ya watoto, mashemeji na wengine ambao hata hawajazaliwa, akajifunika khanga akaingia ndani.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Mawe basi! Watu wasimame!" Kukawa kinyang'anyiro. Profesa alikuwa mlangoni anafuta vumbi la chaki, hata sukari hakuijia, chai yake ananywa hotelini. Umati ukamsukuma akajikuta wa kwanza.

Mimi nilisukumwa nyuma. Kilo mbili kwa kila kaya, mstari ukasogea, ukasogea, na nilipobakiza watu wachache tu mbele yangu meneja akafunga dirisha. Imekwisha.

Nilikaa juu ya jiwe la bibi nikalia, wala sikuona haya. Nilikuwa namwona Zuhura.

Profesa akanijia na sukari yake ndani ya karatasi ya kaki.

"Chukua, dada. Naona autumn yangu ndiyo imewaharibia." Kisha, kwa haya, "Ila siku ya shughuli naomba nafasi niseme machache."

Nilikubali kabla hajamaliza.

Kesho yake, Alhamisi, ubao ulisomeka hivi:

"JE WAJUA? Tofali za nyumba ya kiongozi hufika dukani kabla mwenye nyumba hajaamka. HISTORIA: Yalitokea jana, hapa hapa. TAFAKARI: Fanyeni wenyewe."

Watu walijaa kuliko siku ya sukari. Kabla ya adhuhuri ubao ukang'olewa, tukaambiwa unakwenda kupakwa rangi. Profesa akaitwa ofisini. Alikokwenda na alichoambiwa hakusema, na sisi hatukuuliza. Siku zile ulijifunza kutouliza.

Ijumaa ndoa ikafungwa. Chai ilikuwa tamu. Yule mama wa Ilala alikunywa vikombe viwili na hakusema kitu, na kwa mwanamke yule kutosema kitu ni sifa kubwa.

Profesa akasimama kusema machache yake. Uani wote ukamgeukia. Tulikuwa tunangoja habari ya tofali. Na Balozi alikuwa amekaa mbele kabisa, anakoroga sukari yetu.

Profesa akamtazama. Akakohoa. Akaanza kutueleza jinsi majani ya Ulaya yanavyogeuka rangi, kwanza manjano, halafu mekundu, halafu yanaanguka.

Alisema kwa muda mrefu. Alipomaliza, aliyepiga makofi kuliko wote ni Balozi.

Moyo uliniuma, wakuu. Unaniuma mpaka sasa ninavyoandika. Ubao ulipakwa rangi kweli, ukarudi, ukakaa mtupu.

Somo nililopata ni hili. Mambo ya Roma na Ulaya yaliandikwa miezi na hakuna aliyefuta chaki. Mtaa wetu uliandikwa asubuhi moja tu, ubao ukang'olewa.

Kwa hiyo mkuu wa Mbagala, sikukatazi maboga yako. Nakuuliza tu, mtaro wa mtaani kwako umezibuliwa? Fedha za taka zinakwenda wapi? Tuanzie hapo kesho asubuhi, tuone uzi utadumu mpaka saa ngapi.

Haya, na nyie wengine karibuni mseme. Ila nisione mtu anakuja kuniwekea jiwe kwenye komenti eti atarudi baadaye kusoma. Simama mwenyewe.