Kuku wa Utafiti

Yule mtafiti wa kompyuta ana mikono isiyotulia. Akikaa, vidole vyake hugongagonga goti, na akizungumza huvua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, kisha akaisahau mkononi. Sauti yake ni ya chini, hata Osundwa, mzee wa kijiji, humwinamia ili amsikie. Mara tatu amemweleza kwamba serikali itafadhili kazi ya kufundisha kompyuta kusikia Kiluhya, ili mgonjwa ajieleze kwa lugha ya mama yake, lakini sharti kufikia Ijumaa wanakijiji mia moja watie sahihi kwamba wanaiunga mkono. Osundwa bado haelewi serikali gani hiyo inayongoja ruhusa ya kijiji. Ila kuunga mkono anakujua, basi akawaita watu, na Alhamisi wakaja na kuku, mahindi na ndizi, kama waendao harambee. Kalamu hakuna aliyeigusa, maana karatasi waliyotia sahihi mara ya mwisho ilikuwa ya mkataba wa kuuza miwa, na wangali wanaijutia.

Mtafiti akasimama katikati ya kuku. "Mzee wangu, mimi naomba majina tu."

"Majina ya nini, binti yangu, na watu wenyewe wamekuja?" Osundwa akamkabidhi jogoo.

"Mpe na mahindi," jirani yake Khalayi akasema nyuma yao, "hiyo kompyuta isije ikafa njaa."

Mtafiti hakucheka. Alikaa juu ya gunia, jogoo kwapani, akafungua fomu, na penye nafasi ya sahihi akaandika polepole: Osundwa, jogoo mmoja.

"Huko Nairobi wataelewa?"

"Sijui, mzee," akajibu, akamwashiria mwenye ndizi asogee.