Mkono wa Madamu Shii

Wanafunzi walimwita Madamu Shii, naye alijua. Hakukasirika. Jina lake la ubatizo lilikuwa Caritas, lakini neno alilolitamka kuliko yote ndani ya maktaba ile ya kilimani lilikuwa hilo, shii, kidole kikiwa mdomoni. Akishalitamka, hata kurasa zilionekana kufunguka kwa adabu.

Maktaba ilijengwa na mapadri zamani, mji ukiwa bado unaitwa Usumbura. Ilikuwa na kuta nene za matofali na madirisha marefu, na kwenye dirisha la magharibi ziwa lilijaa lote, na milima ya Kongo ng'ambo yake. Mapadri walipoondoka, jengo likawa la chuo cha matabibu. Vitabu vya dini vikapanda rafu za juu, vya tiba vikashuka mahali mikono inapofika. Aliyevihamisha ni Caritas mwenyewe, kimoja kimoja, akivipangusa vumbi kwa kanga.

Alitoka Ruziba. Alipokuwa msichana, yeye ndiye aliyesoma masomo ya Jumapili kanisani kwao. Alisoma kwa sauti nzito, iliyokwenda hadi benchi la mwisho, walikokaa wakulima wa pamba wasiojua herufi. Padri mkutubi alimsikia siku moja, akamleta mjini amfundishe kazi.

"Una sauti nzuri sana," alimwambia asubuhi ya kwanza. "Sasa usiitumie."

Akamwonyesha kibao juu ya mlango, kimeandikwa Kimya kwa Kifaransa. Caritas akanunua viatu vya raba ili hata hatua zake zisisikike. Tangu siku hiyo alikitunza kimya cha chumba kile kama mtu atunzaye moto jikoni wakati wa mvua, na vita vilipokuja alikitunza zaidi. Huko nje milio ya bunduki ilishuka kutoka vilimani mchana kweupe, watu walihama mitaa, majirani waliacha kusalimiana. Ndani ya maktaba ulisikia kalamu tu. Hata hivyo aliona jinsi meza zilivyogawanyika. Wa mitaa fulani walikaa upande wa ziwa, wa mitaa mingine upande wa mlango, na katikati ikabaki njia ambayo hakuna aliyekanyaga isipokuwa yeye na viatu vyake vya raba.

Mwaka 1998, nchi ikiwa bado imewekewa vikwazo, ambargo kama watu walivyosema, maktaba ilibakiwa na kitabu kimoja cha anatomia. Nakala nyingine zilikimbia pamoja na walioziazima. Moja ilionekana sokoni, sura yake ya figo ikifungia karanga. Hii ya mwisho ilikuwa kubwa, ya jalada la kijani, na mgongoni ilikuwa na utepe mwekundu, maana yake haitoki nje ya chumba. Mtihani wa mdomo ulikuwa Ijumaa. Atakayeanguka angerudia mwaka, na nani wakati huo aliyejua mwaka ujao umebeba nini?

Jumatatu mchana Caritas alitoka nyuma ya rafu akaona vichwa viwili vimeinama juu ya meza moja. Loïc na Herménégilde! Moyo wake ukaruka. Loïc alikuwa mtoto wa Ngagara, Herménégilde wa Kamenge, mitaa miwili iliyofanywa maadui na vita. Kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine usingechoka kwa miguu, lakini miaka ile hakuna aliyetembea. Mwaka mzima vijana hao walikuwa hawajasemezana. Ikibidi, mmoja angemwambia mtu wa tatu, "Mwambie yule." Sasa wananong'ona bega kwa bega!

Akasogea, akitabasamu. Kisha akaona wembe.

"Munafanya nini?"

"Tunagawa tu, Madamu," alisema Herménégilde, mkono ukiwa juu ya kitabu. "Mi nachukua mifupa, yeye anachukua moyo na mishipa. Wengine tunawakatia zao. Kila siku tunabadilishana."

"Tumesikilizana," Loïc aliongeza, kama mtu anayengoja kusifiwa. "Mwaka muzima munatuambia tusikilizane. Basi, leo tumesikilizana."

"Kumuua huyu?" Caritas alikivuta kitabu kifuani. "Hana mwenzake!"

"Ndiyo sababu, Madamu. Tuko wengi, kitabu kimoja. Fotokopi haina wino tangu ambargo. Na saa kumi kila mutu lazima awe njiani kwenda kwao. Piga hesabu mwenyewe."

Alipiga, na hesabu ilikataa. Aliwatazama, akatazama wembe, akatazama kibao juu ya mlango. Neno likamtoka kabla hajaliruhusu.

"Nitakisoma."

"We?"

"Kwa sauti. Nikisoma mara moja munasikia wote."

Upande wa ziwa mtu akacheka. Alikuwa Najla, binti wa muuza vitambaa wa mtaa wa Asiatiki, mwenye ulimi usiopumzika. "Madamu Shii atasoma kwa sauti! Wallahi, hiyo mi siikosi hata kwa harusi yangu."

Loïc aliurudisha wembe katika karatasi yake, akautia mfuko wa shati. "Sawa. Lakini kama Alhamisi hatujamaliza moyo, tunakata."

"Kama hamujamaliza," alisema Caritas, akishangaa ujasiri wake, "nitawashikia kitabu mukate."

Jumanne wakaja wote. Alisimama chini ya kibao, kitabu mikononi. Viti viliburuzwa, watu wakapiga soga. Alifungua kinywa aanze, na kilichotoka kwa mazoea kilikuwa, "Shii!"

Chumba kilipasuka kwa kicheko, hata yeye akacheka. Kicheko kilipomwachia koo, sauti ikapita.

Ilikuwa ile ile ya Ruziba. Ilikuwa imezeeka kidogo, ina mchanga chini yake, lakini ilikwenda hadi ukutani na kurudi. Alisoma mifupa ya mkono kwa Kifaransa, polepole, kama anayeita watu kwa majina waingie ndani. Kila sentensi ngumu Najla aliigeuza kwa Kiswahili cha mjini, na kalamu zikakimbia. Caritas alihisi joto likipanda mashavuni. Miaka yote hiyo alikuwa amevishika vitabu hivi, na leo kimoja kilikuwa kinapita ndani yake!

Kisha akafika mahali palipoandikwa, tazama mchoro.

Wote wakainuka. Benchi likaanguka, viwiko vikagombana, mtu akavuta ukurasa ili aone, na ukurasa ukachanika kidogo pembeni. Caritas alikifunga kitabu kwa mwili wake wote. Nyuma ya umati Loïc alijigusa mfuko wa shati.

"Kaeni!" Najla alipanda juu ya kiti. "Kaeni, we! Muchoro wa nini, na mikono tunayo? Madamu, wako ndio mwembamba, kila kitu kinaonekana. Tuazime mukono wako!"

Caritas aliutazama mkono wake wa kushoto, mkavu, wenye mishipa iliyojitokeza. Hakuna aliyewahi kuuomba kwa ajili ya kitu kama hicho.

"Mkono una utepe mwekundu," alisema hatimaye. "Unasomewa humu humu. Hautoki nje."

Wakapiga makofi. Akaulaza juu ya meza ya kati, katika ile njia isiyokanyagwa, na akaendelea kusoma huku mkono wa kulia ukigeuza kurasa. Mmoja alishika kalamu ya buluu, akachora mfupa wa kwanza juu ya ngozi. Mwingine akachora wa pili. Kila walipochora, Najla aliinua mkono huo juu wa mbali waone. Saa kumi ilipokaribia, mwalimu mzuri kuliko wote chuoni alikuwa mkono wa Madamu Shii, umeandikwa kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

Nyumbani Buyenzi, dada yake Sikuzani aliangusha mwiko.

"Dada! Wamekufanya daftari?"

"Usiuguse. Kesho wanaendelea."

Alioga akiuning'iniza nje ya beseni, akicheka peke yake.

Jumatano ilikuwa zamu ya kifua. Habari zilikuwa zimefika getini, na mlinzi Zénon, mrefu na mwembamba kama ufito, akaja kujitolea. Alivua shati la kazi, akasimama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hesabuni tu," alisema. "Ambargo imenifanyia kazi nzuri."

Waliburuza viti vyote kumzunguka, na hakuna aliyekumbuka upande wa ziwa wala wa mlango. Loïc alianza kuhesabu mbavu kwa kidole, akakosea, akaanza tena, akakosea.

"Anza juu, we," alisema Herménégilde. "Hapo umeshika ya pili."

Alimwambia yeye mwenyewe. Hakumwambia mtu wa tatu. Caritas alipoteza mstari aliokuwa anasoma, akalazimika kuutafuta upya kwa kidole.

Alhamisi milio ilianza mapema vilimani. Wengi walichelewa, wengine walizungukia mbali kukwepa kizuizi cha askari, na walipokusanyika jua lilikuwa limekwisha kuelekea Kongo. Ilibaki sura moja ya mtihani, moyo. Caritas alianza bila hata salamu. Alisoma vyumba vyake, milango yake, damu inaingia wapi na kutoka wapi, alisoma mpaka koo likakwaruza. Lakini nyuso mbele yake zilikuwa zimepotea. Mkono wanauona na mbavu wanazigusa. Moyo je?

"Sielewi kitu," alisema Loïc. Karatasi ya wembe ilikuwa tayari mezani. "Madamu, bila muchoro huu apana. Muda umekwisha. Ulitoa ahadi."

Ni kweli, alikuwa ameitoa. Alikitazama kitabu, ile pembe iliyochanika. Alipita mistari haraka haraka kwa macho, akitafuta chochote, akakuta sentensi fupi chini ya ukurasa, akaisoma kwa nguvu zake zote. Ilisema kwamba kila pigo la moyo linafika kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na hapo mtu anaweza kulisikia kwa vidole vyake.

"Kamateni mukono wa jirani!" Najla alipiga kelele. "Haraka!"

Makelele yakazuka. "Huyu hana kitu!" "Amekufa tangu asubuhi!" "Apana, hapo ni mufupa, sogea!" Viti vilianguka, watu wakavutana mikono ya mashati na kucheka. Wawili tu walibaki wametulia. Viti vya jana havikurudishwa mahali pake, na jirani wa Loïc alikuwa Herménégilde. Mikono yao ilikaa mezani, wembe katikati.

Caritas alikibana kitabu kifuani.

Loïc alikunja mkono wa shati, akausukuma mbele. "Shika. Lakini nikifa, egzame utaifanya peke yako."

"Ukifa nachukua kalamu yako," alisema Herménégilde, akamshika. Naye akanyoosha wake.

Hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Direkta Xavier, mkuu wa chuo, mtu ambaye mbele yake hata mbwa wa jirani walinyamaza.

"Madamu Caritas! Katika maktaba hii! Ni makelele gani..."

"Shii!"

Hakuwa Caritas. Alikuwa Loïc, kidole cha mkono mmoja mdomoni, vidole vya mkono mwingine vimebana kifundo cha Herménégilde, macho amefumba. "Nahesabu."

Direkta aliingia hadi kando ya Caritas, akasimama. Wanafunzi wakageuka, wakamwona Direkta, na mmoja baada ya mwingine wakagundua kwamba kweli, ili usikie pigo lazima unyamaze. Chumba kikashuka. Kalamu zilikuwa zimelala. Kutoka vilimani mlio mmoja ulisikika, kisha mwingine, na hakuna aliyemwachia mwenzake. Caritas alikuwa amekilinda kimya maisha yake yote, lakini hiki hakuwahi kukisikia. Hakuna aliyekiamuru. Kilikuwa kimejaa damu za watu wote wale, zinagonga polepole chini ya vidole vya wengine.

Yeye peke yake hakuwa na jirani, ila Direkta aliyesimama kando yake. Akanyoosha mkono wake wa wino, akamkamata kifundo. Direkta hakuuondoa.

"Basi!" alisema Najla, akitazama saa yake. "Dakika imekwisha."

Namba zikarushwa kutoka kila pembe, kama sokoni.

"Wako unakimbia," Herménégilde alimwambia Loïc.

"Niliogopa. Wako pia unakimbia."

"Ego," alikubali Herménégilde.

Wakaachiana. Herménégilde akainama juu ya meza, akachora moyo kwa kidole katika vumbi, akauliza damu inatokea wapi, na Loïc akajibu bila kusita. Akajibu swali lililofuata pia. Saa kumi ilipowafukuza, Loïc alipita kwenye kaunta, akaweka ule wembe katika karatasi yake mbele ya Caritas.

"Madamu, narudisha."

"Umechelewa," alisema, akauchukua. "Utachonga penseli zote za maktaba kabla hujapata kitabu kingine."

Direkta ndiye aliyetoka wa mwisho. Alisimama chini ya kibao, akakohoa, akajigusa kifundo.

"Na ini?" aliuliza. "Ini ni lini?"

Ijumaa watahini walishangaa. Kila mwanafunzi aliyeulizwa juu ya moyo alijishika kwanza kifundo cha mkono, akasikiliza kidogo, ndipo akajibu. Huku juu, maktaba ilikuwa tupu. Kitabu cha kijani kilikuwa kwenye kaunta, kizima. Caritas, wino bado haujamtoka mkononi, alifungua sura ya ini, akasafisha koo, na mbele ya viti vitupu akaanza kuisoma kwa sauti ili Jumatatu asijikwae.