Mashua Iliyovutwa Pande Mbili

Nanzala alizaliwa Port Victoria, kando ya ziwa, mahali ambapo mtoto hujua kupiga kasia kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kwa hivyo Gerishon alipomwoa akamleta Eldoret, kwenye baridi na mashamba ya mahindi, jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa maji. Gerishon alikuwa seremala, mtu wa Vihiga mwenye maneno machache, ambaye tangu utotoni hakupenda maji yaliyopita magoti. Alimpeleka mkewe nyuma ya Kimumu, mtaa waliokaa, akamwonyesha bwawa.

Lilikuwa bwawa la zamani, refu na jembamba, lililochimbwa na mzungu fulani wakati wa ukoloni ili ng'ombe wake wapate kunywa. Upande huu palikuwa na nyumba za kupanga, vibanda na kanisa. Upande wa pili yalikuwa mashamba ya Wanandi, na shule ya msingi juu ya kilima. Aliyetaka kwenda ng'ambo alizunguka kwa barabara, na masika yakianza alifika amebeba tope la shamba zima kwenye viatu. Nanzala aliuliza kwa nini hakuna mashua. Gerishon akamwambia watu wa huku ni wa kukimbia, wa kuogelea bado hawajazaliwa.

Hakumpa mumewe nafasi ya kupumua mpaka mashua ikapatikana. Gerishon aliiunda kwa mbao za saiprasi, akaipaka rangi ya samawati iliyosalia alipomaliza madirisha ya kanisa. Kwa muda watu walikuwa wakija kuitazama tu. Wa kwanza kupanda alikuwa Jepchumba, mama wa ng'ambo aliyeuza maziwa, ambaye tope lilikuwa limemchosha kuliko woga. Aliketi katikati, akakumbatia mitungi yake ya maziwa, akafumba macho na kuomba kwa Kinandi mpaka mashua ikagusa nchi kavu. Alipofumbua macho alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi, kisha akaomba arudishwe ng'ambo na kuletwa tena, ili safari hii atazame.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa urafiki wao. Jepchumba alimwita Mama Phineas, kwa jina la kifungua mimba wa Nanzala, na kila asubuhi alimwachia mursik, maziwa ya mgando ya kwao, ndani ya kibuyu kidogo. Watoto wa shule, wachuuzi wa mboga, hata mchungaji na baiskeli yake, wote wakawa wateja wa mashua ya samawati. Nanzala alipiga kasia akiimba, na abiria walioogopa aliwaimbia kwa sauti zaidi.

Ukaja uchaguzi wa mwaka wa 2007, na matokeo yalipotangazwa, moshi ukaanza kupanda juu ya Eldoret. Yaliyotokea kila mtu wa Uasin Gishu anayajua, na wengi hawapendi kuyarudia. Vijana walipita Kimumu wakachoma nyumba za watu waliotoka kwingine, na karakana ya Gerishon ikateketea pamoja na mbao zote na vitanda viwili vilivyokuwa vikisubiri wenyewe. Walitoka na watoto na nguo walizovaa. Walilala kanisani, wakahamia uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine, halafu wakapata lori la kuwafikisha Port Victoria. Nani hasa aliwasha moto hawakujua. Walisikia tu kwamba vijana wale walitokea upande wa ng'ambo ya bwawa.

Walikaa ziwani mwaka mmoja na zaidi. Nanzala alikuwa nyumbani kwao, kati ya ndugu zake, lakini kila mara alijikuta akizungumzia Eldoret, mpaka mama yake akamwambia arudi huko anakokuota. Gerishon naye alikuwa amechoka kuishi karibu na maji mengi kiasi kile. Wakarudi.

Bwawa hawakulitambua. Gugumaji lilikuwa limelifunika kutoka ukingo hadi ukingo, majani mazito ya kijani yenye maua ya zambarau, yamesongamana hata kuku angeweza kutembea juu yake. Nanzala alilijua gugu hilo tangu utoto, kwa maana liliwahi kuwafungia wavuvi wa kwao bandarini na kumwacha baba yake akikaa bila kazi. Huenda lilikuja na nyavu kuukuu ambazo mtu alizinunua Kisumu ajaribu kuvua bwawani. Lakini watu wa Kimumu walisema watu wa ng'ambo ndio waliolitupa majini, na wa ng'ambo walisema hivyo hivyo juu ya Kimumu. Tangu vita vile, pande hizo mbili hazikuwa na salamu.

Mzee Bethwel, baba mkwe wa Jepchumba, ndiye aliyetuma habari. Alisema mashua ya Mama Phineas iko salama, aliiburuta akaificha kwenye zizi lake siku zile mbaya, na sasa waje waichukue kwa sababu kuku wameigeuza nyumba.

Wakazunguka kwa barabara, Nanzala na Gerishon. Mzee aliwapokea kwa adabu, akauliza habari za watoto na mvua. Jepchumba alikuwa amekwenda kupeleka maziwa, na Nanzala hakujua kama alifurahi au alihuzunika kumkosa. Ndani ya mashua palikuwa na kuku mweupe aliyeatamia mayai, akidonoa kila mkono uliomkaribia. Mzee Bethwel alisema wasimsumbue, waende naye tu.

Nanzala aliamini atapenya. Alishika kasia, Gerishon akakaa mbele na kuku nyuma, wakajitosa. Kufika katikati, mashua ikagoma. Mizizi ililishika kasia kama nywele zinavyoshika kitana, na kila alipolivuta lilitoka na mzigo wa majani. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma tena, na jua likapanda. Watu wakaanza kukusanyika Kimumu kutazama. Ng'ambo nako wakakusanyika. Hapo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu pande zote mbili zilicheka kitu kimoja.

Watu wa Kimumu walirusha kamba waliyoifunga kijiti cha kuni, ikateleza juu ya majani, na baada ya kukosea mara kadhaa ikamfikia Gerishon. Akaifunga mbele. Watu wa ng'ambo hawakutaka kushindwa, nao wakarusha ya kwao. Gerishon, ambaye maisha yake yote hakuweza kumkatalia mtu, akaifunga nyuma.

Wakavuta. Pande zote mbili walivuta kwa nguvu, wanaume kwa wanawake, na mashua ikatetemeka pale pale bila kusogea hata hatua. Mbao zikalia. Kuku akasimama, akatazama huku na huku, akarudi kuatamia. Nanzala alimwambia mumewe kwamba wakiendelea hivyo watapasuliwa kama kuni. Ilibidi wachague upande. Macho yake yalikuwa Kimumu, kwa majirani waliolala naye kanisani, na mkono wake ulishaanza kufungua kamba ya nyuma.

Ndipo akasikia sauti aliyoijua. Jepchumba alikuwa amesimama kwenye ukingo wa ng'ambo, mitungi yake mitupu miguuni.

"Mama Phineas," aliita. "Kuja huku. Chai iko."

Nanzala aligeuka akamtazama. Kisha aliiacha kamba ya nyuma, akapita juu ya miguu ya Gerishon, akaifungua ya mbele kwa mikono yake mwenyewe. Aliwapungia mkono watu wa Kimumu, akawaambia wasikasirike, atarudi.

Walivutwa hadi ng'ambo na kupokelewa kwa mikono. Nyumbani kwa Jepchumba chai ilikuwa ya maziwa matupu, na marafiki hao wawili waliinywa kikombe kizima. Halafu Jepchumba akaweka chake chini.

"Siku ile niliona moshi nikajua ni kwenu," alisema. "Niliogopa kuja. Halafu nikaogopa vile sikukuja."

"Mimi nilikuwa naogopa kukupata nyumbani leo," Nanzala akamjibu. "Nilikuja nikiomba usikuwe."

Walitazamana, na kicheko kikawajia wote wawili kwa pamoja, kicheko kilichochanganyika na machozi, mpaka Mzee Bethwel akachungulia mlangoni kuona kumetokea nini.

Gerishon hakuwa ndani. Alikuwa amesimama ukingoni peke yake akitazama bwawa. Pale mashua ilipovutwa, ilikuwa imekokota lundo la gugumaji mbele yake, na nyuma yake ukabaki ukanda wa maji wazi unaong'aa juani. Seremala yule aliutazama ukanda huo kwa muda, kisha akaanza kuulizia mbao.

Akaunda chanuo kubwa la miti ya bluugamu, lenye meno marefu, akalifunga kwenye mashua. Kamba moja ilikwenda Kimumu, nyingine ng'ambo. Wa ng'ambo walipovuta, wa Kimumu waliilegeza ya kwao, na gugu likatolewa upande ule; kisha wakabadilishana. Upande mmoja peke yake usingeweza kitu. Jumamosi baada ya Jumamosi walivuta hivyo, Nanzala akisimama ndani ya mashua kuongoza kwa wimbo wa wavuvi, na kwa kuwa maneno yake hakuna aliyeyajua, kila mtu aliweka ya kwake. Majani yalirundikwa yakaoza, yakawa mbolea ya sukumawiki kotekote. Ng'ombe wa Mzee Bethwel waliyaonja wakageuza vichwa. Mbao za karakana mpya ya Gerishon zilikuja juu ya mashua ile, zimebebwa na vijana wa ng'ambo, ambao wengine wao hawakumtazama usoni mpaka kazi ilipokwisha. Hakuwauliza lolote. Aliwapa chai.

Gugumaji halikuisha. Kila baada ya mvua lilichipuka pembeni, na kamba zikashikwa tena, lakini njia ya mashua haikuzibwa tena.

Mwaka wa 2013 nchi ilipopiga kura, kituo kilikuwa kwenye ile shule ya kilimani. Baadhi ya watu walikuwa wamefunga mizigo mapema, kwa hofu. Nanzala aliiosha mashua, akavaa gauni lake la Krismasi, akaanza kuvusha watu tangu alfajiri. Waliketi bega kwa bega, wakizungumza juu ya mahindi na bei ya mbolea, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anampa nani kura. Alivusha mpaka alasiri, ndipo akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hajapiga.

Alipanda kilima akakuta foleni ndefu, akaenda kusimama mwisho. Watu waligeuka wakamwona. Mmoja akaanza kuuliza nani basi atawarudisha nyumbani, mama huyu akikaa hapa mpaka jioni. Foleni nzima ikacheka ikamfungulia njia, wa Kimumu na wa ng'ambo, na akapitishwa mkono kwa mkono hadi mlangoni, akiwaambia wasimsukume, viatu ni vipya.